Ganda la Pili

Ndugu msomaji, nina mswada wa riwaya ambao umenishinda mara tatu. Upo ndani ya madaftari manne, chini ya godoro, hapa kwetu Ganako, Karatu. Kila ninapofika katikati nakwama, na sababu ya kukwama ni ileile kila mara: simpati mtu mbaya. Nilimpa rafiki yangu mmoja asome, akanirudishia madaftari yangu akasema, "Bwana wee, huyu mama amekufa, sawa. Lakini kamuua nani? Hadithi isiyo na adui ataisoma nani?"

Alikuwa na haki kusema hivyo. Sisi tumezoea hadithi zenye adui. Mchawi, mama wa kambo, tajiri mwenye kitambi, bosi mla rushwa. Ukishampata huyo hadithi inakwenda yenyewe. Yangu mimi ni hadithi ya mama mdogo, mdogo wake mama yangu mzazi, aliyefariki mwaka 2013 kwa UKIMWI. Jina lake sitalitaja, na haya ninayoyaandika mama amenikubalia niyaandike. Nimemtafuta aliyemuua nimemkosa. Ugonjwa ulikuwepo, ndiyo. Lakini na dawa ilikuwepo, ya bure, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka nyumbani. Kilichomzuia asiifikie ndicho ninachotaka tukizungumze. Na kukielewa hakunisaidia mwandishi wala mchungaji. Kulinisaidia chupa ya plastiki.

Nilikuwa nafanya kibarua cha jikoni kwenye kambi moja ya watalii, hizi zilizo karibu na barabara ya kwenda geti la Lodoare. Kazi yenyewe ni kumenya viazi, kuosha masufuria na kuchemshia wageni maji ya kuoga. Jioni moja ya mwezi wa saba, na baridi ya Karatu ya mwezi wa saba wenyeji mnaijua, lilifika kundi la wageni waliokuwa washuke Kreta kesho yake. Miongoni mwao alikuwemo dada mmoja Mtanzania anayefanya kazi katika chuo kikuu cha ng'ambo. Alikuja kuota moto jikoni kwetu kwa sababu, alisema, amechoka kuongea Kiingereza.

Dereva mmoja akamwuliza kazi yake ni nini.

"Nachunguza jinsi virusi vinavyojijengea ganda."

Tukanyamaza kidogo. Kumbe alikwishapata shahada ya udaktari, na sasa yuko katika ile miaka ya utafiti inayofuata baada yake, ambapo mtu ni msomi kamili lakini bado hana kiti cha kudumu.

"Miaka mingapi umechunguza?"

"Huu wa nne."

"Ganda tu?"

"Ganda tu."

Dereva alicheka mpaka chai ikamwagika. "Dada yangu, mimi ningesoma kiasi hicho mngenikuta Ikulu!"

Hakukasirika. Alikwenda hemani kwake akarudi na chupa yenye mdomo mpana, ya plastiki, na mfuniko. Ndani mlikuwa na vipande 12 vya plastiki vyenye pembe tano, kila kimoja kikiwa na visumaku kwenye kingo zake. Akanipa mimi. "Tikisa," akasema. Nikatikisa. Mwanzoni ilikuwa kelele tupu, kama mtu anayetikisa karanga kwenye kopo. Viwili vinashikana, vinaachana. Vitatu vinashikana, kimoja kinang'oka. Nikaanza kuchoka. Halafu vikashikana vinne, sijui vitano, havikuachana tena, na kuanzia hapo ilikuwa haraka: kimoja, kingine, kingine, mpaka kelele ikabadilika. Nilipoacha kutikisa mlikuwa na mpira mmoja mzima, umefungwa pande zote, unabingirika ndani ya chupa.

"Haya," akasema yule dada. "Nani kaujenga?"

Dereva akasema, "Dogo kaujenga."

"Mimi nimetikisa tu," nikasema.

"Umesikia?" akamwambia dereva. "Ametikisa tu. Na hilo ndilo swali ninalolipwa kulijibu."

Ngoja nieleze kwa kadiri nilivyoelewa, maana mimi niliishia kidato cha nne na baiolojia yangu haikuwa ya kujivunia. Kirusi ni kitu kidogo mno. Virusi vya UKIMWI zaidi ya elfu nane vinaweza kujipanga mstari katika milimita moja. Ndani yake mna uzi wenye maelezo ya kujitengeneza, na maelezo yenyewe ni mafupi. Ukiyahesabu kama herufi, ya kirusi cha UKIMWI ni kama herufi 9,700, wakati ya binadamu ni kama bilioni tatu. Kwa herufi chache kiasi hicho huwezi kuandika ramani ya jumba lenye matofali ya kila aina, achilia mbali kumwajiri fundi. Mwaka 1956 Francis Crick na James Watson, walewale wa DNA, waliwaza jambo hilo wakasema lazima ganda la kirusi kidogo lijengwe kwa tofali la namna moja, likirudiwa na kurudiwa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1955, huko California, Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams walikuwa wamekifumua kirusi kinachougua tumbaku, protini zake upande huu, uzi wake upande ule. Kisha wakavichanganya tena kwenye maji. Hawakushona wala hawakugandisha. Protini zikajipanga zenyewe kuuzunguka uzi, na kirusi kikarudi kuwa kirusi, kikaambukiza tumbaku kama kawaida. Mwaka 1962 Donald Caspar na Aaron Klug wakaeleza hesabu ya umbo la maganda hayo. Huyu Klug alikulia Durban, Afrika Kusini, na mwaka 1982 alipewa Tuzo ya Nobel.

Ganda la virusi vya UKIMWI lina umbo kama la koni. Limejengwa kwa protini ya aina moja, kama 1,500 hivi. Nyingi zimekaa sitasita katika vikundi vyenye pembe sita, na katika kila ganda vipo vikundi 12 vyenye pembe tano, 7 upande mnene na 5 upande mwembamba. Waliocheza mpira wataelewa upesi. Ule mpira wa zamani wa vipande vyeusi na vyeupe, hesabu vyeusi: ni 12, vyenye pembe tano. Vyeupe vya pembe sita peke yake vingetandazika kama mkeka, visingefunga kamwe. Pembe tano ndizo zinazopinda, na lazima ziwe 12, si 11 wala 13. Mwaka 1999 Wesley Sundquist na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walionyesha kwamba ukizichukua protini hizo na kuzichanganya na uzi wa urithi kwenye chupa, bila kirusi na bila mgonjwa, koni zinajitengeneza.

Mambo mawili aliyosema yule dada usiku ule yalinikosesha usingizi. La kwanza: kila protini haijui lolote kuhusu ganda. Inamjua jirani yake tu. Upande wake huu unapenda upande wa mwenzake ule, basi. Ukiweza kuiuliza, "Unajenga nini?" itakujibu, "Mimi? Mimi nimekaa tu karibu na huyu." La pili: kiungo kimoja kati ya protini na protini ni dhaifu. Ndiyo maana mwanzoni vinashikana na kuachana, na kosa linaweza kusahihishwa. Kazi ngumu ni ile ya wachache wa kwanza. Wakishakaa wanne watano wakatulia, waliobaki wana mahali pa kushika na ganda linajifunga haraka.

Nililala macho nikiwa nafikiria kikombe.

Mama mdogo alikuwa anapika kwenye nyumba ya wageni Mto wa Mbu. Mwishoni mwa mwaka 2011 alirudi nyumbani amekonda, na baada ya muda tukajua, ingawa hakuna aliyetamka. Ugonjwa huu nchini kwetu uligunduliwa mwaka 1983, wagonjwa watatu kule Kagera, na kufika 1986 mikoa yote ya Bara ilikwishatoa taarifa ya wagonjwa. Kwa hiyo mwaka 2011 haukuwa ugonjwa mgeni. Tulikuwa tumeufahamu kwa miaka zaidi ya ishirini. Shuleni tulifundishwa kwa picha na kwa nyimbo kwamba hauambukizwi kwa kusalimiana, wala kwa sahani, wala kwa kikombe. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata vema.

Nyumbani kwetu kulikuwa na vikombe sita vya bati, vyeupe, vya maua. Siku moja kimoja kikaonekana kimetundikwa peke yake kwenye msumari karibu na mlango wa jiko. Vingine vitano vilibaki kwenye kabati. Hakuna aliyesema, "Kile ni cha mama mdogo." Alipoomba chai, aliyekuwa karibu alinyosha mkono msumarini. Alipomaliza alikiosha mwenyewe akakirudisha. Hiyo ndiyo siku nyumba yetu ilipoanza kujenga, ingawa tulidhani tunaishi tu.

Baadaye mambo yaliongezeka. Kigoda chake kikasogezwa karibu na ukuta. Watoto wa jirani waliokuwa wakija kusukwa nywele naye wakawa wanaitwa kwao kabla hajamaliza. Alipopika yeye, watu wakawa wameshiba. Kisimani wanawake waliokuwa wakimpisha kwa heshima ya ugonjwa wakawa wanampisha kwa mbali zaidi. Kila mmoja alifanya kidogo sana. Sidhani kama kuna aliyefanya jambo ambalo ungeweza kumfikisha nalo hata kwa balozi wa nyumba kumi. Sheria tunayo, ya mwaka 2008, inayokataza kumnyanyapaa mwenye virusi. Lakini sheria inamtaka mtu. Utamshitaki nani, msumari?

Mimi nilikuwa na miaka kumi na nne, kidato cha kwanza. Siku ya kliniki mama mdogo aliniomba nimsindikize kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kumuuma. Tukatoka. Tulipofika njia panda niliwaona wenzangu wa darasani wanakuja kwa mbele. Sikufikiri. Miguu yangu ilikwenda yenyewe. Nikatangulia hatua kama thelathini, nikawa natembea kama mtu aliye peke yake. Nikasalimiana nao, tukaongea mambo ya mpira, na yeye akatupita polepole, ameinamisha kichwa, wala hakunisemesha. Alinielewa. Alinifichia siri yangu wakati mimi nilikuwa nafikiri naficha yake.

Mwezi uliofuata hakuniomba. Tena hakwenda. Baada ya kufariki mama alikuta makopo mawili ya vidonge ndani ya debe la unga, moja halikufunguliwa. Alikuwa akivificha asionekane akimeza, na mwisho akaacha kuvifuata asionekane akivipokea. Kwenye foleni ya kliniki ile kila mtu anajua foleni ni ya nini. Alichoogopa zaidi ya kifo ni macho yetu.

Sasa unaelewa kwa nini sikulala kambini usiku ule. Yule dada alisema ganda la kirusi kazi yake ni kuukinga ule uzi usionekane na walinzi wa mwili mpaka ufike unakokwenda. Na mimi nikawaza: kirusi kilichomuua mama mdogo kilikuwa na maganda mawili. La kwanza ni la protini, alilokuja nalo kutoka kokote alikolipata. La pili tulilijenga sisi hapa Ganako, kwa kikombe, kigoda, kisima, na hatua zangu thelathini. Na lile la pili ndilo lililoizuia dawa isiingie.

Hapa ndipo penye swali langu, msomaji, na naomba tulitazame bila haraka. Kama hakuna aliyeamuru, na kila mmoja amefanya kidogo, je, kosa lipo? Na kama lipo, ni la nani?

Wapo watakaosema kosa linagawanywa. Tulikuwa watu kama ishirini na tano, wa nyumbani na majirani. Basi kila mmoja abebe sehemu moja katika ishirini na tano, na sehemu hiyo ni nyepesi, mtu anaweza kulala nayo. Nilitaka sana kukubali. Lakini ganda haligawanyiki hivyo. Ukitoa protini moja huwezi kusema mgonjwa amepona kwa kiasi cha protini moja. Linakinga likiwa zima. Na mama mdogo hakufa sehemu moja katika ishirini na tano kwa kila mtu. Alikufa wote. Ninayoyabeba mimi ni yale niliyoyafanya, hatua thelathini kamili, na hazipungui hata moja kwa sababu jirani naye alimwita mtoto wake.

Wengine watasema tulikuwa hatujui. Uongo. Nimekwisha kusema nilipata vema kwenye mtihani. Kichwa kilijua. Ni mkono ulionyoshwa msumarini.

Wengine, na hawa ndio wananipa shida, watasema mfano wangu unatutetea. Protini haina hiari. Inashikana na jirani kwa sababu ya maumbile yake, kama sumaku za ile chupa. Na sisi tumeumbwa tuwaangalie wenzetu wanafanya nini tufanye hivyohivyo. Mtoto hujifunza kula kwa kutazama, na kuogopa vilevile. Kwa nini basi tulaumiwe?

Jibu langu ni fupi, na nimelipata kwenye kikao. Baada ya mazishi wazee walikaa, na babu akauliza: kikombe kile alikitundika nani? Mmoja mmoja tukasema. Mama akasema, "Nilikikuta kimetundikwa." Mjomba akasema, "Nilikikuta." Dada yangu, "Nilikikuta." Na mimi, "Nilikikuta." Wote tulisema kweli, nadhani, isipokuwa mmoja, na huyo mpaka leo hatumjui. Lakini angalia neno lenyewe. Protini haiwezi kusema "nilikikuta." Aliyesema amekikuta amekiri kwamba alikiona, akajua ni nini, akakiacha pale. Kukikuta si kosa. Kosa ni kwamba kila asubuhi kwa karibu miaka miwili kila mmoja wetu alikiona tena, na msumari ulikuwa usawa wa mkono.

Kwa hiyo siku hizi sijiulizi nani alianza. Hilo ni swali la watu wanaotafuta adui, na lilinipotezea madaftari manne. Najiuliza: mimi nilikuwa wa ngapi? Maana kuna tofauti. Kumbuka ile chupa. Viwili vitatu vya kwanza vilikuwa vinaachana kirahisi. Siku ya kwanza kikombe kilipotundikwa ingetosha mtoto mmoja akitoe akirudishe kabatini na mambo yangekwisha kwa kicheko. Siku ya mia moja ingehitaji ushujaa. Mimi nilipotangulia njia panda nadhani nilikuwa wa nne au wa tano, pale ambapo ganda lilikuwa bado linaweza kuachia. Mama mdogo alikuwa bado anakwenda kliniki. Bado alikuwa anaomba kusindikizwa.

Yule dada alituambia jambo jingine kabla moto haujazimika. Dereva, ambaye kwa sasa alikuwa amekaa kimya, alimwuliza, "Sasa ukishajua linavyojengwa, itasaidia nini?" Akatueleza habari ya dawa inayoitwa lenakapaviri. Dawa hii haikiui kirusi kama sumu. Inakaa kwenye upenyo kati ya protini na protini jirani yake. Hapo tu, kwenye kiungo. Ganda linakuwa gumu mahali lilipotakiwa kulegea, na kwa kirusi kipya kinachojengwa linajengeka vibaya, kombokombo, halifai. Ilijaribiwa Afrika Kusini na kwa jirani zetu Uganda, kwa wasichana na wanawake zaidi ya 5,300 wa miaka 16 hadi 25 ambao hawakuwa na virusi. Matokeo yalitolewa mwaka 2024. Waliochomwa sindano hiyo mara mbili kwa mwaka walikuwa 2,134. Walioambukizwa miongoni mwao: hakuna hata mmoja. Kati ya wenzao waliopewa vidonge vya kila siku, wa aina mbili, waliambukizwa 55. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano hiyo itumike kwa kinga.

Dereva akauliza, "Ni yale ya ganda?"

"Ni yale ya ganda," akasema. Kutoka koni zile za kwenye chupa mwaka 1999 mpaka wasichana wale wa Uganda ni miaka 25. Watu wengi waliulizwa katikati yake, "Ganda tu?"

Mimi nilishika lile neno la kiungo. Nilikuwa nafikiri kulibomoa ganda la pili kunahitaji mtu mkubwa, mhubiri mwenye kipaza sauti au waziri. Kumbe inatosha kitu kidogo kilichokaa mahali penyewe, kati ya jirani na jirani. Na nikamkumbuka bibi mmoja wa jirani, mzee sana, asiyejua kusoma, ambaye wiki za mwisho alikuwa akija kukaa na mama mdogo. Siku moja aliomba maji. Dada yangu akaenda kabatini. Bibi akasema kwa Kiiraqw, akionyesha kwa fimbo yake, "Nipe kwa kile kilicho karibu." Akanywa kwa kikombe cha msumarini. Akakimaliza, akapangusa mdomo, akaendelea na habari za mbaazi zake. Hakutuhubiria. Lakini jioni ile dada yangu alikiweka kikombe kabatini pamoja na vingine, na hakuna aliyekirudisha msumarini. Watoto wawili walirudi kusukwa. Mama mdogo alicheka siku hizo, nilimsikia. Akaomba kupelekwa kliniki, na mjomba akampeleka kwa pikipiki. Ilikuwa imechelewa. Alifariki baada ya siku kumi na moja.

Sitaki kusema kwamba watu wa kwetu ni wabaya. Msibani ungetuona. Habari zilipotoka hakuna aliyepanga, lakini kabla ya jua kupanda wanawake walikuwa wamefika na kuni na maji, vijana wameshika majembe, mtu ameleta turubai, mwingine sufuria kubwa, mwingine mahindi. Kila mmoja alimwona jirani amechukua nini akachukua kilichobaki. Mpaka saa sita mambo yote yalikuwa tayari kama vile kulikuwa na kamati ya mwezi mzima. Mikono ni ileile. Tunajua sana kujipanga bila kuamriwa, na ndiyo sifa yetu kubwa. Ila mikono hiyo ilikuja kwa maiti, na kwa mtu aliye hai ilikuwa imejipanga vingine. Kwa hiyo siamini kwamba tatizo ni kufuatana. Tatizo ni kwamba tulifuatana macho yakiwa wazi, hatukujiuliza kinachojengwa ni nini.

Nimerudi kwenye mswada wangu sasa, mara ya nne. Rafiki yangu bado anataka adui, na labda wahariri nao watamtaka. Wenzangu mnaoandika mtanisamehe, lakini nadhani tunapompa msomaji mchawi au bosi mwenye kitambi tunampa pia ruhusa ya kulala. Anafunga kitabu akisema, "Afadhali si mimi." Mimi nimeifuta sura ya kwanza, iliyokuwa na mganga, na nimeianza upya pale njia panda. Kijana wa miaka kumi na nne anawaona wenzake wanakuja. Nyuma yake hatua za mama mdogo zinasikika polepole kwenye vumbi. Nimefika hapo na sijajua bado kama katika riwaya nimwache atangulie, kama ilivyokuwa, au nimfanye asimame amsubiri. Mkono wangu unataka asimame. Lakini kusimama kwenye karatasi ni rahisi mno, na aliyestahili kusubiriwa hawezi kuisoma.

Kikombe kipo. Kimechubuka ua moja. Mama hataki kitupwe, na siku hizi wageni wakija kinatoka kabatini na vingine, wala hujui utapata kipi. Nyumbani kwako, ndugu msomaji, pengine hakuna kikombe msumarini. Lakini kuna mtu ambaye siku hizi kigoda chake kimesogea kidogo kuelekea ukutani. Kabla hujasema umekikuta hivyo, hebu hesabu: wewe ni wa ngapi?